Ukuta wa Matumbawe Ukianza Kumomonyoka: Dalili na Visababishi katika Nyumba za Mji Mkongwe

Wengi wanaoishi katika nyumba za mawe za Mji Mkongwe wa Zanzibar humtafuta fundi pale lipu inapoanza kudondoka. Fundi huja, hukwangua, hupiga saruji, hupaka rangi, nyumba ikapendeza. Masika yakipita, lipu iko chini tena. Mara nyingi fundi hulaumiwa bure, kwani aliitwa kutengeneza ukuta kabla ya mtu yeyote kuuliza maji yanatoka wapi. Mwongozo huu unaanzia kwenye swali hilo, maana katika nyumba hizi karibu kila tatizo, kuanzia unga mweupe hadi boriti iliyooza, lina maji nyuma yake, na mengi yamezidishwa na saruji.

Kwanza ujue nyumba yako imejengwaje. Ukuta una unene wa nusu mita au zaidi. Una nyuso mbili za mawe ya matumbawe, ya ndani na ya nje, na katikati kumejazwa vipande vya mawe, udongo mwekundu na chokaa. Hakuna nondo wala mkanda wa zege. Unasimama kwa uzito wake na kwa kuegemeana na kuta za jirani. Juu ya kuta hulazwa boriti za mkandaa au mkoko, na kwa kuwa miti hiyo haitoi boriti ndefu zilizonyooka, vyumba vilijengwa virefu na vyembamba, upana wa mita tatu hivi. Juu ya boriti hupangwa mawe bapa, kisha zege la chokaa na kokoto lililopondwa kwa mbao siku baada ya siku mpaka likakaza.

Jiwe la matumbawe limejaa vitundu. Hunywa maji upesi, na lipu ya chokaa huyaruhusu yatoke yakiwa mvuke. Waashi wa zamani walijua kwamba katika kisiwa chenye mvua inayozidi milimita 1500 kwa mwaka na upepo wa bahari, ukuta hautakuwa mkavu muda wote. Wakaujenga kwa namna ambayo kila unapolowa, unapata njia ya kukauka. Ukiiziba njia hiyo, umeanza kuibomoa nyumba.

Kabla ya kugusa ukuta

Panda juu mvua ikiwa inanyesha. Siku ya jua paa halikwambii kitu. Tazama maji yanakokusanyika, mlizamu (bomba la kutolea maji paani) unakomwaga, na ukuta upi wa jirani unapokea maji yako. Kisha shuka chumba kwa chumba ukiwa na karatasi na penseli, uchore kila doa na urefu wake kutoka sakafuni.

Mahali pa doa hueleza mengi. Unyevu unaoanzia chini na kuishia kiunoni au kifuani hutoka ardhini. Ulio juu, chini ya dari, hutoka kwenye paa au mlizamu. Mchirizi ulionyooka kutoka juu hadi chini ni bomba la maji ya mvua lililopasuka au kuziba. Doa la duara katikati ya ukuta, lisilogusa juu wala chini, karibu kila mara ni bomba la maji safi, choo, au mpira wa kiyoyozi unaodondoshea ukutani.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni kalenda. Doa lililobaki bichi Januari na Februari, jua la kiangazi likiwaka, halitokani na mvua. Hapo achana na paa. Usiku mmoja usitumie maji, usome mita jioni na asubuhi, kisha ufunge koki kuu. Ikiwa namba zimesogea usiku, kabla ya koki kufungwa, na baada ya kuifunga doa linaanza kufifia, umepata jibu bila kuvunja kitu.

Rangi inabanduka, ukuta unatoa unga mweupe

Hili ndilo lalamiko la kwanza katika nyumba nyingi. Unga ule ni chumvi. Maji yaliyomo ukutani huiyeyusha na kuibeba hadi kwenye uso. Maji yakitoka, chumvi hubaki, huganda kuwa fuwele, na fuwele zikikua ndani ya vitundu huipasua lipu na hata jiwe lenyewe. Ukipaka rangi ya plastiki au ya mafuta, fuwele hukua nyuma ya rangi na kuisukuma. Ndiyo maana rangi huvimba kwanza, kisha hubanduka kama ngozi.

Kusanya unga kidogo kwenye kijiko na utie maji. Ukiyeyuka wote, ni chumvi. Usipoyeyuka, unaangalia chokaa iliyokufa au mchanga wa lipu mbovu. Madoa meusi au ya kijani ni ukungu, na hayo nitayagusa baadaye.

Chumvi ina njia kadhaa za kuingia. Upepo wa bahari huileta, hasa kwa nyumba za Shangani na Forodhani. Maji ya ardhini huipandisha, na makaro ya zamani yaliyo chini ya nyumba huongeza yake. Saruji nayo huja na chumvi zake. Lakini njia inayonikera zaidi, kwa sababu inaepukika kabisa, ni mchanga wa pwani. Fundi anayechanganya lipu kwa mchanga aliouchota ufukweni anaiweka chumvi ukutani kwa mikono yake mwenyewe. Muulize mchanga umetoka wapi kabla gari halijamwaga.

Matengenezo yanahitaji subira. Kwangua lipu yote ya saruji mpaka kwenye jiwe, kwa patasi na nyundo ndogo, pole pole. Mashine ya kuchimbia hutikisa mawe na kulegeza kiini cha ukuta. Safisha viungo vya mawe kwa kina cha sentimita mbili hivi. Kisha uache ukuta wazi. Ukuta wa nusu mita haukauki kwa wiki mbili. Upe kiangazi kizima ikiwezekana. Chumvi inayojitokeza iondoe kwa brashi kavu, uizoe na kuitupa mbali. Usiioshe kwa maji, maana utairudisha ndani.

Lipu mpya iwe ya chokaa, sehemu moja kwa tatu za mchanga safi usio na chumvi. Chokaa iwe imelowekwa vizuri na kukaa chini ya maji kwa wiki kadhaa. Ikikaa miezi ni bora zaidi. Lowanisha jiwe kwanza, piga tabaka nyembamba la sentimita moja hivi, liache likaze kwa siku kadhaa, kisha jingine. Chokaa hukaza kwa kuvuta hewa ya ukaa kutoka hewani, na haiwezi kufanya hivyo ikikauka upesi. Kwa hiyo tundika magunia yaliyoloweshwa mbele ya ukuta unaopigwa na jua na kuyanyunyizia maji asubuhi na jioni. Malizia kwa chokaa nyepesi ya kupaka, mikono minne au mitano iliyo myembamba.

Katika ukuta wenye chumvi nyingi, lipu hiyo ya kwanza itaharibika baada ya miaka michache. Usikate tamaa. Imeivuta chumvi kutoka kwenye jiwe, na ile itakayofuata itadumu zaidi.

Jambo la usalama: chokaa mbichi huunguza ngozi na inaweza kupofusha jicho. Miwani, glavu, na ndoo ya maji safi pembeni ni lazima, na watoto wakae mbali na pipa.

Unyevu wa chini unaozidi kupanda kila mwaka

Hapa watu hufanya jambo linaloonekana la busara, kumbe ndilo linaloharibu. Wanaona sehemu ya chini imelowa, wanaipiga saruji hadi urefu wa mita moja. Kwa mwaka mmoja ukuta unaonekana mkavu. Maji hayajaenda popote. Yamekosa pa kutokea, yakapanda juu ya saruji. Ukiona mstari wa unyevu ulionyooka juu kidogo ya mwisho wa saruji, au hata juu ya marumaru za ukutani, usitafute sababu nyingine.

Sakafu nayo ina sehemu yake. Sakafu ya zamani ya chokaa ilipumua. Ukiifunika kwa zege na marumaru, mvuke uliokuwa ukitoka katikati ya chumba husukumwa pembeni, na pembeni kuna kuta.

Toka nje pia uangalie kichochoro. Katika mitaa mingi njia imewekewa tabaka juu ya tabaka mpaka imekaribia usawa wa kizingiti au kuupita, na mvua inatiririka kuelekea nyumbani. Mfereji ulioziba mbele ya baraza hulowesha msingi mchana na usiku. Hilo mwenye nyumba mmoja haliwezi peke yake. Linataka majirani wa kichochoro kizima na ofisi ya manispaa. Lakini kuzibua mfereji ni kazi ya asubuhi moja na faida yake ni kubwa kuliko lipu ya mamilioni.

Jingine linalosahauliwa ni ua wa ndani. Ua ndio unaovuta hewa ya moto kwenda juu na kuingiza upepo vyumbani. Siku hizi wengi wameufunika kwa mabati au plastiki ili wapate chumba kimoja zaidi. Vyumba vya chini vikabaki na giza, hewa ikasimama, na kuta ambazo zilikauka kwa miaka mia zikaanza kunuka. Ikiwa lazima ufunikwe, paa liinuliwe juu ya kuta na pande ziachwe wazi.

Sakafu ya juu inacheza, boriti zimepinda

Boriti ya mkandaa iliyo kavu huishi muda mrefu kuliko aliyeiweka. Inayokufa, hufa kwanza kwenye ncha, pale inapoingia ukutani, kwa sababu hapo ndipo unyevu wa ukuta unapoigusa na macho hayafiki. Katikati inaweza kuonekana nzima, na rangi yake bado ipo.

Chukua bisibisi nyembamba na uichome boriti sentimita tano kutoka ukutani. Mti mzima utakukatalia. Ikiingia bila nguvu, boriti hiyo haibebi kitu tena, na uzito wake umehamia kwa za jirani. Gonga pia kwa nyundo ndogo: nzima hulia kwa sauti kali, iliyoliwa hutoa sauti ya uwazi. Vichuguu vya udongo vinavyopanda ukutani ni vya mchwa. Matundu madogo ya duara na unga laini sakafuni ni wadudu wanaobungua mbao.

Fuata maji hapa pia. Boriti zikioza zote upande mmoja, tazama juu yake kuna nini. Mara nyingi ni bafu. Nyumba hizi zilikuwa na vyoo vyake, lakini viliwekwa mahali maalumu, juu ya shimo lake, ukutani. Leo kila chumba cha wageni kinataka bafu lake, na mabomba yamepitishwa ndani ya sakafu ya chokaa ambayo haikukusudiwa kubeba maji.

Uzito ni sababu ya pili. Tangi la lita 2000 likijaa lina tani mbili za maji, na huwekwa juu kabisa, juu ya boriti zenye umri wa zaidi ya karne. Kuna pia uzito unaojificha. Paa bapa lilipovuja, watu walimwaga zege juu ya zege. Kila sentimita tano za zege la saruji ni zaidi ya kilo 100 kwa kila mita ya mraba. Niliyoyaona yakiondolewa juu ya baadhi ya nyumba yananifanya nishangae jinsi boriti zile zilivyovumilia.

Ukigundua ncha zimeoza, kinga kwanza kwa mirunda, yaani nguzo za muda, na mirunda ishuke hadi ardhini kupitia kila ghorofa. Mirunda iliyosimama juu ya sakafu ya pili inahamisha mzigo tu. Punguza uzito wa juu kabla ya kugusa chini. Halafu laza boriti mpya kando ya ya zamani, bila kuing'oa ya zamani kama bado imeshika mawe. Tundu la ukutani liwe kubwa kidogo kuliko boriti, ncha ikalie jiwe bapa na ipate hewa pande zote. Usiijaze saruji. Boriti zinunuliwe kwa muuzaji mwenye kibali, kwani mikoko inalindwa, na tukiimaliza tutakuwa tumeokoa nyumba na kupoteza fukwe.

Utashauriwa uondoe boriti zote umwage slabu. Ushauri huo ukatae. Slabu inataka kukata kuta kuzunguka chumba chote, nayo ni ngumu isiyonyumbuka katika nyumba ambayo kila kitu kingine kinanyumbuka kidogo. Nondo zake zitakaa katika hewa ya chumvi, na chuma kikipata kutu huvimba na kupasua kilichokizunguka. Balkoni nyingi za mji wetu zimeharibika hivyo hivyo.

Nyufa, na ukuta unaovimba

Ufa mwembamba wa lipu usiopita ndani hauna haja ya kukukosesha usingizi. Ufa wa mshazari unaopanda kutoka pembe ya dirisha mara nyingi ni msingi uliozama upande mmoja, na msingi huzama pale maji yanapouosha. Ufa uliosimama penye pembe, kuta mbili zinapokutana, unaonyesha kwamba zimeachana, au kwamba hazikuwahi kushikana kwa sababu moja ilijengwa baadaye.

Kabla ya kuuziba, ujue kama bado unatembea. Weka kipande chembamba cha jasi juu ya ufa, andika tarehe, ungoje masika yapite. Kisipokatika, ufa umetulia. Uzibe kwa chokaa. Kikikatika, kuziba ni kujificha.

Kuvimba ni habari nyingine. Maji yakiingia katikati ya ukuta kupitia juu, udongo wa kiini huoshwa na kushuka, hujaa chini, na kusukuma nyuso mbili kila mmoja upande wake. Shika uzi wenye timazi kutoka juu. Ukuta ukiwa umetoka kama tumbo, ukigonga unasikia uwazi, na mchanga unachuruzika kwenye nyufa, watoeni watu chumba hicho na cha juu yake leo hii, mkinge kwa mirunda, muite mhandisi anayezijua nyumba za chokaa. Fundi wa kawaida asiachiwe uamuzi huo. Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Seyyid Barghash la mwaka 1883 hapa Mji Mkongwe, liliporomoka upande mmoja pamoja na mnara wake wa saa tarehe 25 Desemba 2020, kazi ya ukarabati ikiendelea ndani yake, na watu wawili wakafariki. Kama jengo la namna ile lilifika hapo, nyumba zetu za kawaida hazina sababu ya kujiona salama.

Kumbuka pia jirani. Nyumba hizi zinaegemeana. Nyumba ya pembeni ikianguka au ikibomolewa, ukuta wako uliokuwa wa ndani unageuka kuwa wa nje, hauna lipu, hauna wa kuuegemea. Lamu, nchini Kenya, ambako wikio huunganisha nyumba mbili juu ya kichochoro, jambo hili huonekana wazi: huwezi kuigusa nyumba moja bila kuitikisa ya pili.

Mti umeota ukutani

Ndege hudondosha mbegu ya mtini mwitu kwenye ufa na mizizi hufuata unyevu ndani. Ukiwa mche wa kidole, ung'oe leo. Ukiwa na shina, usiuvute. Utatoka na mawe. Ukate, ukipake kisiki dawa ya kuua mizizi, uache ife, kisha utoe vipande na kujaza kwa mawe madogo na chokaa.

Ukungu na harufu chumbani

Bandika nailoni nusu mita kwa nusu ukutani, uzibe kingo kwa gundi ya karatasi, usubiri siku nzima. Maji yakijitokeza nyuma ya nailoni, yanatoka ukutani. Rudi juu ya ukurasa. Yakiwa mbele, ni mvuke wa chumbani unaoganda, kwa kawaida kwa sababu ya kiyoyozi na madirisha yaliyofungwa kwa vioo. Fungua, ingiza upepo, sogeza kabati mbali na ukuta.

Mlango na nakshi

Mlango wa nakshi huoza chini, pale maji ya kichochoro yanaporuka. Fundi seremala mzuri hukata sehemu iliyooza tu na kuunga mti wa aina ile ile, iwe msaji, mfenesi au mbambakofi. Miimo na mfaa (mti wa katikati ya mlango) vibaki. Rangi ya mafuta na vanishi nene havifai: huziba mti na kujaza michoro. Misumari ya chuma huacha kutu. Tumia ya shaba. Kwa zidaka za Lamu, yaani vishubaka vya nakshi ukutani, kurudia kupaka chokaa nene kila sikukuu humeza nakshi mpaka hazisomeki, na kukwangua kunataka mkono wa mjuzi.

Mpangilio wa kazi na ruhusa

Kwa Mji Mkongwe, usianze kabla ya kupata kibali cha Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, iliyoundwa mwaka 1985. Mji uliandikwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, na Lamu ikafuata mwaka 2001. Huko Makumbusho ya Taifa ya Kenya ndiyo ya kuanzia. Wengi huziogopa ofisi hizi kama za kuzuia. Ziendee na michoro yako na maswali yako, uombe kuelekezwa kwa waashi wa chokaa, kwa sababu ujuzi huo uko mikononi mwa watu wachache, na kila kazi unayowapa huwapa vijana wao nafasi ya kujifunza.

Kazi ifuate mkondo wa maji: paa, milizamu, mabomba na vyoo, mifereji ya chini, kisha miundo ya boriti na kuta, lipu, na rangi mwisho. Fundi akitaka kuanza na rangi, tafuta mwingine. Katika makubaliano andikeni kwamba hakuna saruji ndani ya lipu wala viungo, hata "kidogo tu ya kukazia", mchanga utakubaliwa baada ya kuoneshwa, na malipo ya mwisho yatatolewa baada ya mvua.

Na kama mwaka huu fedha zinatosha jambo moja tu, tengeneza milizamu na matundu ya bati kabla ya Machi. Ukuta unaomomonyoka unaweza kusubiri ukiwa mkavu.